Je, suprakondukta itaua mukuba yetu? Jibu la agronomu aliyenunua antena za bure

Bandugu, wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alituma odio kwenye grupu yetu. Alikuwa ameona video ya kipande cheusi kinachoelea juu ya sumaku, moshi mweupe unakizunguka, na mtu anaeleza kwamba kipande hicho kinapitisha umeme bila kupoteza hata kidogo. Odio yake ilisema hivi: "Bayaya, kama bataweka hii kintu mu antena zote na mu nsinga zote, mukuba yetu ya Katanga itauziwa nani?" Wengine wakacheka, wengine wakatuma picha za kuchekesha, kisha mtu akauliza bei ya bunga na mazungumzo yakaishia pale.

Miye sikucheka. Swali la ndugu yule nililiuliza mwenyewe miaka miwili iliyopita, na lilinigharimu dola 180 na karibu linigharimu kazi. Niliahidi nitaandika, basi njo hii. Nionye mapema: mimi si mtu wa fizikia. Nina lisansi ya agronomia, na kile ninachojua juu ya antena nilikijua mu shamba, matope mpaka magotini. Makosa yaliyobaki wenzetu wa polytechnique watayarekebisha chini kwenye komenti, najua hawatangoja.

Hadithi yangu inaanza kwenye barabara ya Kasenga. Mwenye shamba mmoja alinipa kazi ya kumfuatia unyevu wa udongo katika mahindi yake. Nilipanda vifaa 9 vidogo vya kupima, kila kimoja na batri yake na antena yake fupi, vyote vikituma habari kwa kipokezi kwenye paa la magazini yake. Vilikuwa vinatumia mawimbi ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi, na yale yale ya foru ya mikroonde inayopasha chakula. Kumbukeni hilo la foru, tutalirudia.

Desemba vyote vilisema vizuri. Mwisho wa Januari vikaanza kunyamaza kimoja kimoja. Katikati ya Februari kilibaki kimoja tu. Mwenye shamba aliniuliza kama mtu anayelipa anavyouliza: "Agronome, feza yangu inasema na nani?" Nikamjibu bila kufikiri sana kwamba antena zilikuwa za bei rahisi, mukuba yake mbaya, inapoteza nguvu. Akanipa dola 180, nikanunua antena mpya 9, ndefu na nzuri za kupendeza. Nikazifunga. Kimya. Usiku nikawa nasoma kwenye simu kila kitu kinachohusu antena zisizopoteza nguvu, na njo vile nilikutana na suprakondukta. Nikajiambia: hapa ndipo dawa ilipo.

Sasa tueleze kitu chenyewe, kisha nitarudi shambani.

Antena ni chuma kinachogeuza umeme kuwa mawimbi, na mawimbi kuwa umeme. Umeme ukipita ndani ya mukuba unakutana na upinzani (si ule wa Kinshasa), na sehemu ya nguvu inageuka joto. Kwenye mawimbi ya mikroonde kuna jambo la ajabu: umeme haupiti mwili mzima wa waya. Unakimbilia ngozi ya nje. Kwa gigahezi 2.4 unapita katika unene wa mikromita 1.3 hivi ya mukuba, wakati unywele wa mtu una makumi ya mikromita. Kila mawimbi yanavyopanda, ngozi inazidi kuwa nyembamba: kwa gigahezi 10 inabaki mikromita 0.66. Ndiyo maana watu wanaotengeneza vifaa hivi wanajali sana usafi na ulaini wa uso wa chuma. Waya mnene hausaidii kama mnavyodhani, sehemu ya ndani inakaa bure.

Ukisikia hivyo unaweza kufikiri, kama nilivyofikiri, kwamba antena ya mukuba inapoteza vibaya sana. Tupige hesabu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa santimita 12.5. Antena ya kawaida ina nusu ya urefu huo, santimita 6 na kidogo. Antena ya nusu wimbi namna hiyo, mbele ya redio, ni kama mzigo wa omu 73 hivi, na mzigo huo ni wa maana: ni nguvu inayotoka kwenda hewani. Upande wa hasara, waya wa mukuba wenye unene wa milimita moja na urefu ule una upinzani wa sehemu ya kumi ya omu tu. Weka 73 upande mmoja, 0.1 upande mwingine. Kati ya sehemu 1000 za nguvu, unapoteza 2 au chini. Ni kama kusafirisha gunia la mahindi kilo 100 kutoka Kasenga na kufika Lubumbashi umepungukiwa gramu 200. Hakuna mtu atakayenunua lori jipya kwa gramu 200.

Hili njo jambo la kwanza ambalo video hazisemi. Mu antena ya kawaida, yenye urefu unaolingana na wimbi lake, mukuba inafanya kazi karibu kikamilifu. Ukiibadilisha na kitu kisichopoteza kabisa, utapata zile gramu 200 tu.

Mambo yanageuka pale antena inapokuwa fupi mno kuliko wimbi. Chukua antena yenye urefu wa sehemu moja ya hamsini ya wimbi. Ule mzigo wa maana unaanguka kutoka omu 73 mpaka omu 0.08 hivi. Tena antena fupi hailingani na redio, inataka koili ya kuisaidia, na koili ya mukuba inaweza kuwa na omu kadhaa peke yake. Tuseme 4. Sasa hesabu ni 0.08 dhidi ya 4: kati ya sehemu 100 za nguvu zinatoka 2, nyingine 98 zinapasha koili joto. Hapo lori limetoboka sakafu, na mahindi yako yamebaki njiani. Hapo sasa tunaweza kuzungumza juu ya lori lingine.

Suprakondukta zilijulikana mwaka 1911, wakati Heike Kamerlingh Onnes, mjini Leiden, Uholanzi, alipopoza zebaki mpaka digrii 4 hivi juu ya baridi ya mwisho kabisa, ile tunayoita sifuri ya Kelvini. Upinzani wa umeme ukapotea. Miaka 75 watu walibaki na baridi kali namna hiyo, inayotaka heliamu, kitu ghali. Kisha 1986 Bednorz na Müller, katika labo ya IBM karibu na Zurich, wakapata kitu cha aina ya seramiki, ndugu wa sahani na vigae, kinachofanya vile kwenye Kelvini 30 na zaidi. Mwaka uliofuata walipewa Nobel, jambo ambalo halitokei haraka hivyo. Na mwaka huo huo wa 1987, vikundi vya Wu na Chu huko Marekani vikapata seramiki nyingine inayofanya kazi mpaka Kelvini 93. Jina lake watu wanalifupisha YBCO: itriamu, bariamu, mukuba, oksijeni.

Ndiyo, mukuba. Soma tena. Katika kila kipimo cha YBCO kuna atomu 3 za mukuba kwa 1 ya itriamu na 2 za bariamu, na umeme unapita bila upinzani katika matabaka yale ya mukuba na oksijeni. Ukipima kwa kilo, karibu 29 kwa mia ya uzito wake ni mukuba. Hata zile za Bednorz na Müller zilikuwa na mukuba ndani. Kitu kinachotajwa kuwa muuaji wa mukuba kimejengwa juu ya mukuba.

Juu ya nini Kelvini 93 ilikuwa habari kubwa? Sababu azoti ikipozwa mpaka iwe maji inachemka kwenye Kelvini 77, yaani digrii 196 chini ya sifuri ya kawaida. Ukiwa na azoti ya maji, huhitaji heliamu tena. Na hapa wenzangu wa agronomia na wa vétérinaire wanatabasamu, sababu chombo cha azoti ya maji tunakijua. Njo kile kinachohifadhi mbegu za ng'ombe dume kwa ajili ya kupandikiza. Umefungua kifuniko, moshi mweupe umetoka, mwalimu amepiga kelele usiweke kidole. "Joto ya juu" inayotajwa katika jina la suprakondukta hizi ni ile baridi ya mbegu za ng'ombe! Wanafizikia wanaita hiyo joto. Nilicheka peke yangu usiku.

Lakini kuna la pili ambalo video hazisemi. Kwa umeme unaotembea upande mmoja tu, suprakondukta haina upinzani kabisa. Kwa mikroonde sivyo. Umeme wa mikroonde unabadilisha upande mara bilioni kadhaa kwa sekunde. Ndani ya suprakondukta kuna elektroni zinazotembea wawili wawili bila kugombana na kitu, lakini zimebaki pia elektroni za kawaida, zisizo na mwenzi. Kugeuza wale wawili wawili kila mara kunataka msukumo, msukumo ule unatikisa pia wale wa kawaida, na hao wanatoa joto. Kwa hiyo hasara ipo, ndogo. Kwenye gigahezi 10, uso wa utando mzuri wa YBCO uliopozwa kwa azoti una upinzani chini ya miliomu 1, wakati mukuba katika baridi ile ile ina kama 10. Faida mara kumi na zaidi, si haba. Tatizo ni kwamba ukizidisha mawimbi mara mbili, hasara ya suprakondukta inazidi mara nne, na ya mukuba inazidi mara moja na nusu hivi tu. Kuelekea gigahezi 100 mukuba inaifikia. Kwa hiyo huwezi kusema suprakondukta ni bora, nukta. Lazima useme mawimbi gani, baridi gani, na sehemu gani ya kifaa.

Watu walijaribu mapema. Mwaka 1988 kikundi cha Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, kilitengeneza antena fupi ya seramiki hizi na kuipima kwenye megahezi 550, hapo hapo penye lori lililotoboka. Ilitoa nguvu zaidi kuliko ndugu yake ya mukuba. Lakini antena fupi ina deni lingine, ambalo Chu mwingine (si yule wa YBCO, hili jina linachanganya) alilionyesha mwaka 1948: ukiifanya ndogo na isiyopoteza, inakubali mawimbi membamba mno. Inasikia stesheni moja tu, pembeni kidogo haisikii. Zile hasara za mukuba zilikuwa zinaificha tabia hiyo kwa kuipanua. Ukiziondoa, antena yako inakuwa kama mzee anayesikia mtoto mmoja tu nyumbani. Kwa simu au intaneti, inayotaka njia pana, hiyo ni shida.

Mahali pengine panapofaa ni antena kubwa zenye vipande vingi vidogo, makumi au mamia, vinavyolishwa na njia nyembamba za chuma zilizochorwa juu ya sahani. Kila kipande kinapoteza kidogo sana, lakini nguvu inatembea njia ndefu kabla ya kukifikia, na njia ile inakula. Ukipaka njia zile YBCO, unaokoa. Na soko la kweli, lililofika mpaka kwa wateja, halikuwa hata antena. Ilikuwa filta, kile kifaa nyuma ya antena kinachochagua sauti inayotakiwa na kuzuia nyingine. Mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000, kampuni za Marekani ziliweka maelfu ya filta za suprakondukta katika vituo vya simu, kila moja na mashini yake ndogo ya baridi. Filta kali ya mukuba inapoteza sana, na kinachopotea kabla ya kukuza sauti hakirudi. Mwaka 1999 vifaa vya namna hii vilirushwa pia angani katika setelaiti ya Marekani iitwayo ARGOS, kwa majaribio. Soko lakini lilibaki dogo.

Karibu na siye kuna mfano mwingine unaofundisha. Afrika ya Kusini, huko Karoo, kuna darubini ya redio MeerKAT, sahani 64, kila moja mita 13.5, iliyozinduliwa Julai 2018. Sahani zenyewe ni chuma cha kawaida kinachokaa juani. Kinachopozwa, mpaka karibu Kelvini 20, ni vipokezi vilivyo mbele ya sahani. Si suprakondukta zile, lakini akili ni ile ile: wale wanaotafuta sauti dhaifu kuliko zote hawapozi kila kitu, wanapoza pale hasara inapouma.

Sasa fikirieni pilone ya simu ya hapa kwetu, Katuba au Kenya. Weka juu yake mashini ya baridi inayotakiwa kuzunguka mchana na usiku. Umeme ukikatika saa kumi na moja jioni, YBCO inapita Kelvini 93 na haiwi tena suprakondukta. Inakuwa seramiki, mbaya kuliko waya wa nyumbani. Wenye pilone tayari wanalalamika mazuti ya jenereta. Hawatanunua mazuti ya friji ili kuokoa gramu 200 za gunia.

Na mukuba yetu? Mwaka 2024 Kongo ilikuwa ya pili duniani kwa kuchimba mukuba, nyuma ya Chile. Mukuba ile inakwenda zaidi katika nyaya za majengo, mota, transfoma, magari. Antena za mikroonde ni tone. Utando wa YBCO juu ya filta hauna hata mikromita moja ya unene, kwa hiyo hautaua soko la mukuba, wala hautaliongeza, hata kama ndani yake kuna mukuba. Kama ndugu yetu anatafuta cha kuogopa, kuna bei ya Londres, na kuna aluminiamu, ambayo ni rahisi na haihitaji friji. Suprakondukta ningeiweka mbali sana kwenye orodha hiyo.

Turudi barabara ya Kasenga. Miye na antena zangu mpya tulikuwa tumekaa chini ya mwembe. Papa mmoja, mfanyakazi wa shamba, alikuja akasimama. Hakuuliza kitu juu ya mukuba. Alisema: "Agronome, ile moya yenye kusema, njo ile ya pale mbuzi zilikulaka mahindi. Fasi ingine yote mahindi imekuwa murefu, haisemi."

Nikatazama. Kweli. Kifaa kilichobaki hai kilikuwa katikati ya pengo, mbuzi wa jirani waliingia Januari wakakula mita kama kumi na tano. Vingine vyote vilikuwa chini ya mahindi ya mita mbili, majani mabichi, mvua ya asubuhi bado inadondoka. Jani bichi la mahindi ni maji zaidi ya robo tatu. Na foru ya mikroonde inapasha chakula kwa njia gani? Kwa kutikisa maji, kwenye gigahezi 2.4 hizo hizo. Nguvu yangu haikuwa inapotea katika mukuba. Ilikuwa inatoka kwenye antena salama, kisha inanyweka na majani, mstari baada ya mstari, na hakuna antena duniani, ya dhahabu au ya YBCO, ingeweza kuizuia. Mtu mwenye lisansi ya agronomia hakufikiri juu ya maji mu majani. Nilisikia haya mpaka masikioni.

Tulikata miti ya mukalitusi, tukapandisha antena mita tatu na nusu, juu ya maua ya mahindi. Antena za zamani, zile nilizozisingizia. Jioni ile vifaa 8 vilisema. Cha tisa kilikuwa kimeingia maji, hicho kilikufa kweli. Nilimwambia mwenye shamba ukweli, na dola 180 zilikatwa katika malipo yangu kwa miezi mitatu, haki yake. Papa yule nilimnunulia kilo mbili za nyama, akaniuliza kama ile mashini sasa inajua pia siku mbuzi zitarudi.

Msimu huu nilisimamisha miti kabla ya kupanda mbegu. Zile antena 9 nzuri bado ziko nyumbani ndani ya karato, hazina kasoro yoyote. Mwenye kuzihitaji kwa memwari yake aandike chini, bei tutaelewana.